Wastani wa nini? Maneno yetu ya katikati na sayansi tunayoyabebesha

Mwandishi wa sayansi akitaka kusema kwa Kiswahili kwamba kitu kinabadilika kidogo kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine, ana maneno gani mkononi? Hebu tuyahesabu. Ana ngazi, daraja, hatua, kiwango na tabaka. Siku hizi ana na wigo.

Sasa yatazame moja moja. Ngazi ni ya kupandia, unakanyaga hapa kisha unakanyaga pale, katikati hakuna pa kuweka mguu. Hatua ni ya mguu huohuo. Daraja, kabla hata ya kuwa la kuvukia mto, lilikuwa na maana ya cheo au kipandio. Tabaka ni kitu kilicholazwa juu ya kingine. Kidato, ambacho tumekizoea shuleni, ni mkato kwenye shina la mnazi ambao mkwezi anauwekea mguu. Na wigo kwa maana yake ya zamani ni ua, uzio wa kuzungushia boma.

Yaani karibu yote ni maneno ya vipande au ya mipaka. Ndiyo maana wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi kueleza mambo yanayobadilika bila kukatika: joto, rangi, maumivu, chumvi ya maji, hatari ya dhoruba. Mimi sikubaliani nao, na nitaonyesha kwa nini. Lugha inaweza. Kasoro iko kwenye mazoea yetu ya uandishi. Tunachukua neno moja la katikati, mara nyingi “wastani”, tunalibandika kwenye kila kitu, halafu hatusemi ncha ziko wapi wala ni nini kinachozidi au kupungua. Na wanaolipia uzembe huo si sisi waandishi. Ni mkulima, mvuvi, na mtafiti anayekuja kuchambua data zilizokwisha haribika.

Napendekeza tupime kila neno la aina hii kwa maswali matatu. Ncha zake mbili ni zipi? Kati ya ncha hizo ni kitu gani kinabadilika? Na mipaka ya katikati imewekwa kwa kigezo gani?

Twende sokoni kwanza

Ukitaka kuona mfumo unaojibu maswali yote matatu, huhitaji kamusi. Nenda soko la Makorora ukaulize habari za nazi. Tunda la mnazi lina majina kulingana na umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Likikauka hadi nyama ikabanduka kwenye kifuu, hiyo ni mbata.

Kibiolojia, safari hiyo haina mahali inapokatika. Tunda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Maji yanajaa kwanza, sukari yake inapanda, na tunda likiwa na miezi sita hadi minane hivi ndipo yanapokuwa matamu zaidi. Nyama inaanza kama utelezi kwenye ukuta wa ndani, inakuwa laini ya kukombwa kwa kijiko, kisha inakuwa nene na ngumu huku mafuta yakiongezeka na maji yakipungua utamu. Hakuna siku ambayo dafu linalala dafu na kuamka koroma.

Lakini majina yanafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu mpangilio wake haubishaniwi, na kila jina linakueleza utafanya nini na kitu chenyewe. Dafu unakunywa. Nazi unakuna upate tui. Koroma ndiyo ya katikati hasa: maji yake hayana tena utamu wa dafu, na ukiikuna tui halitoki zito. Anayeuziwa koroma akidhani ni nazi atagundua mchuzi ukiwa jikoni. Kwa hiyo “koroma” ni jina la katikati lenye habari ndani yake, linakuambia umepungukiwa na nini upande huu na upande ule. Muuzaji na mnunuzi wakiwa bado na shaka, wanaongeza maelezo: lenye nyama au la maji tupu? Nyama laini au iliyoanza kukaza? Hapo wanapima palepale kwenye kile kinachobadilika.

Mita chache kutoka hapo kuna nyanya zimepangwa mafungu. Toa nyanya moja, fungu limebaki fungu? Toa ya pili. Ya tatu. Ni ipi hasa iliyolivunja? Fumbo hili ni la kale mno. Mgiriki Eubulides wa Miletus, karne ya 4 kabla ya Kristo, anatajwa kuwa ndiye aliyelianzisha kwa kutumia punje za nafaka. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilipa jibu la kihisabati: badala ya kuuliza kama kitu kimo kwenye seti au hakimo, uliza kimo kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 1. Wazo hilo leo limo hata ndani ya baadhi ya vyombo vya kupikia wali na mashine za kufulia. Sokoni watu wamelimaliza kwa njia yao: “Fungu hili dogo, niongeze moja.” Hawagombani juu ya mpaka. Wanajadili kiasi.

Ncha zina sauti zake

Kiswahili kina utajiri mwingine ambao kwenye maandishi ya sayansi hatuugusi kabisa. Ncha za mizani zina maneno yake maalumu. Nyeupe pee. Nyeusi ti. Nyekundu ndu. Kimya jii. Giza totoro. Kujaa pomoni. Ukisikia neno la namna hiyo unajua hapa ni mwisho wa reli.

Katikati nako kuna njia zake. Tunarudia neno ili kulipunguza makali: rangi nyekundu nyekundu haijafika nyekundu, chai tamu tamu haijawa tamu sawasawa. Tuna “vuguvugu”, neno zima kwa ajili ya maji yasiyo moto wala baridi. Na kwa mabadiliko yenyewe tuna vitenzi na miundo iliyotulia: linazidi, linapungua, linaelekea, “kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo mwanga unavyofifia”. Sentensi hiyo ya mwisho ni uhusiano wa vigezo viwili bila hata grafu. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna haba iliyojitangaza kuwa ndiyo iliyojaza.

Kwa hiyo kuanzia hapa tusikubali kisingizio cha uhaba wa maneno. Tutazame mahali tunapokosea.

“Sikubali sana” maana yake nini?

Aliyewahi kukusanya data za jamii anaujua mtindo wa Rensis Likert, wa mwaka 1932: unasoma kauli, mtu anachagua kati ya nafasi tano, kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Karibu kila dodoso la afya, elimu au uvuvi linalopita mikononi mwetu lina mizani hiyo, na kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kwanza, tafsiri inafuata baadaye tena kwa haraka.

Madodoso yaliyotafsiriwa hivi nimeyashika mkononi zaidi ya mara moja: “Nakubali sana. Nakubali. Sina uhakika. Sikubali. Sikubali sana.” Kwenye karatasi inaonekana imenyooka. Sasa isome kwa sauti mbele ya mtu mzima aliyekaa barazani. “Sikubali sana” kwa Kiswahili cha kawaida ni nini? Mtu akikuambia “samaki huyu simpendi sana”, hajasema anamchukia. Amesema anampenda kidogo, au hampendi kwa kiasi cha kawaida. “Sana” ikikaa baada ya kanusho, mara nyingi inalegeza kanusho lenyewe.

Kwa hiyo nafasi ya tano, iliyokusudiwa kuwa ukali wa mwisho, kwa masikio ya msikilizaji ni nyepesi kuliko nafasi ya nne. Mizani imejikunja. Mtu mwenye pingamizi dogo anachagua tano, mwenye pingamizi kubwa anachagua nne, na wewe unaziingiza kwenye kompyuta, unatafuta wastani, unapata namba yenye desimali mbili. Namba inapendeza na haina maana. Dawa yake ni neno moja: “kabisa”. “Sikubali kabisa” haina utata, imefika mwisho. Yapo madodoso yanayoandika hivyo, na waandishi wake wanastahili pongezi.

Nafasi ya katikati nayo ina balaa lake. Nimeona ikiandikwa “sina uhakika”, “sijui”, “kawaida”, “wastani” na “siungi mkono wala sipingi”. Hayo ni majibu tofauti kabisa. Asiyejua hayupo kwenye mstari. Asiyekuwa na uhakika anaweza kuwa anasitasita kati ya pande mbili. Asiyeunga mkono wala kupinga amefikiri, akaamua kusimama pale. Ukiwaweka wote kwenye kisanduku namba 3, umechanganya koroma na kifuu kitupu.

Mvua ya wastani, hatari ya wastani

Mfano mzito zaidi ni wa hali ya hewa, kwa sababu hapa neno linaamua kama mtu apande mbegu au atie chombo majini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa Masika na wa Vuli, misimu miwili inayotuhusu sana Tanga. Lugha yake tunaijua: mvua za chini ya wastani, za wastani, za juu ya wastani. Na mara nyingi huja kwa jozi: “wastani hadi juu ya wastani”. Kitaalamu maneno hayo yana mipaka ya wazi. Wastani ni kuanzia asilimia 75 hadi asilimia 125 ya kiasi cha muda mrefu cha eneo husika. Chini ya 75 ni chini ya wastani, juu ya 125 ni juu ya wastani.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme eneo fulani kwa kawaida hupata milimita 400 katika msimu. Milimita 300 ni wastani. Milimita 500 nazo ni wastani. Tofauti ni milimita 200, na kwa shamba la mahindi hiyo ni tofauti kubwa, lakini neno ni lilelile. Sasa chukua jozi “wastani hadi juu ya wastani”. Inaanzia milimita 300 na kwenda juu bila kikomo. Ukiichambua, habari kubwa iliyomo ni moja tu: kupungukiwa chini ya robo tatu siko kunakotarajiwa zaidi. Ni habari yenye thamani, ila sivyo inavyosikika redioni. Na ni jumla ya msimu. Haisemi kama mvua itagawanyika vizuri au itashuka yote kwa siku chache, kisha jua.

Halafu kuna maana ya mtaani. Ukimuuliza mtu “biashara vipi?” akajibu “wastani tu”, hajasema asilimia 75 hadi 125. Amesema hairidhishi, ila anashukuru. Neno lina unyonge fulani ndani yake. Kwa hiyo mkulima anayesikia “mvua za wastani” anaweza kuelewa mvua haba, wakati mtaalamu amekusudia mvua za kama miaka mingine. Watu wawili, neno moja, maamuzi mawili tofauti.

Kwenye angalizo la bahari neno hilo linazidi kubebeshwa. TMA ina ngazi zake: angalizo kwa rangi ya manjano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini yake huwekwa makadirio mawili, uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari, na yote mawili huweza kuandikwa “wastani”. Basi katika lugha ya taasisi moja tuna wastani wa hesabu, wastani wa uwezekano na wastani wa madhara. Wa kwanza ni kawaida ya miaka mingi. Wa pili ni kama kusema huenda, huenda isiwe. Wa tatu ni kwamba kuna watu wataumia, lakini si wengi. Neno moja haliwezi kubeba mizigo mitatu bila mmoja kudondoka.

Na majina ya ngazi yenyewe je? “Tahadhari kubwa” linajieleza, kila mtu anajua ni zaidi ya tahadhari. Lakini kati ya “angalizo” na “tahadhari”, lipi ni zito? Aliyefundishwa anajua. Ambaye hajafundishwa hana kitu ndani ya maneno hayo cha kumsaidia, maana katika mazungumzo yetu hayapangwi kwa uzito. Linganisha na kidaka, kitale, dafu.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Taarifa hizohizo za TMA zina sehemu nzuri kuliko zote, nayo ni ile inayotaja athari: kwamba uvuvi na usafiri wa majini unaweza kuwa mgumu. Hiyo ni njia ya zamani na ya busara. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga upepo kwa namba bila kuwa na kifaa cha kupima kasi. Aliuliza meli ya vita inaweza kubeba matanga kiasi gani. Mwisho wa mizani, namba 12, ni upepo ambao hakuna tanga linalouhimili. Ncha zimetajwa, kinachobadilika kimetajwa, na kila baharia anaweza kuhakiki kwa macho. Sisi wa mji ambao jina lake linalingana na neno hilohilo, tanga, tungepaswa kuielewa mbinu hiyo upesi.

Ila ina somo la pili. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ni namba 6 kwa Beaufort. Kwa meli kubwa ni siku ya kazi. Kwa ngalawa ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo “upepo mkali” peke yake haitoshi, lazima tuseme mkali kwa chombo gani. Taarifa ingeweza kusema: ngalawa na madau yasitoke, mashua zenye injini zisiende mbali na ufuko. Maneno machache tu ya ziada, na kila mvuvi angejua anahusika vipi.

Mfano mzuri: alfajiri

Je, inawezekana kukata kitu kisichokatika bila kudanganya? Inawezekana, na tunaishi na mfano wake kila siku. Mwanga wa asubuhi hauna mlango. Unazidi tu, kutoka giza totoro hadi kweupe pee. Hata hivyo ratiba ya Ramadhani inayobandikwa msikitini ina saa na dakika ya mwisho wa daku.

Imepatikanaje? Kwa makubaliano yanayotajwa wazi: jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho. Wanajimu wana mipaka yao mitatu, nyuzi 6, 12 na 18. Taasisi za Kiislamu zinazokokotoa alfajiri hutofautiana, zipo zinazotumia nyuzi 15, zipo 18, zipo 19.5. Hapa Tanga, tukiwa karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua huchomoza karibu wima, na kila nyuzi moja ni dakika 4 na ushei. Kati ya 15 na 19.5 kuna takriban dakika 18 hadi 20. Mtu anayeshangaa kwa nini ratiba mbili hazilingani anaweza kuonyeshwa chanzo: kigezo hiki hapa, namba hii hapa. Mpaka umewekwa na watu, na hawajauficha. Mwanga wenyewe umeachwa kuwa mwanga.

Tufanye nini sasa

Tuanze na wigo, kwa kuwa limeshaingia. Magazetini tunasoma “kupanua wigo wa kodi”, na hapo linafaa, maana linazungumzia upana. Lakini tunaposema “wigo wa usonji” lazima tuongeze maelezo. Tangu mwongozo wa Marekani wa DSM-5, wa mwaka 2013, hali zilizokuwa na majina tofauti zimekusanywa chini ya jina moja, lakini tofauti kati ya mtoto na mtoto ni za mambo mengi kwa pamoja: mawasiliano, hisia za kusikia na kugusa, mazoea ya kurudiarudia. Mzazi akielewa wigo kama mstari mmoja wa “kidogo” hadi “sana”, atauliza “wangu yuko namba ngapi?” na jibu lolote litampotosha.

Pili, tulipunguzie “wastani” mzigo. Libaki kwenye hesabu. Kwa uwezekano tuseme “huenda, nusu kwa nusu”, au tutoe asilimia. Kwa madhara tuyataje madhara yenyewe. Kwa mvua tuseme “kama miaka mingine”, tuweke na milimita.

Tatu, dodoso likishatafsiriwa lisomwe kwa sauti kwa watu watano wa mtaani ambao hawajaona Kiingereza chake, kisha waombwe kuyapanga majibu kuanzia dogo hadi kubwa. Wakipanga tofauti na wewe, wao ndio wako sahihi. Inachukua asubuhi moja, na ni rahisi kuliko kutupa data za mwaka mzima.

Nne, mabadiliko ya polepole yaelezwe kwa kitenzi kabla ya kutafutiwa nomino. “Chumvi inazidi kadiri mto unavyoikaribia bahari” ni sayansi kamili. Nomino ya kistilahi ije baadaye, kama kazi ipo.

Bakita na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya istilahi, na kila mwandishi wa sayansi anakula matunda yake. Lakini istilahi hutoa jina. Kazi ya kusema ncha ziko wapi, nini kinazidi na nani kakata mpaka ni ya anayeandika sentensi, yaani wewe na mimi. Mara nyingine ukiona “wastani” kwenye ripoti, angalizo au tasnifu ya rafiki yako, uliza tu: wastani wa nini, kuanzia wapi hadi wapi? Kama sentensi haina jibu, bado haijakomaa. Ni koroma.